Mzee anaona nzi weusi na kama pazia inapanda kwa jicho, ni ya kungoja Jumatatu ama?

Mama_Umoja3 · Jumamosi, saa 3:12 usiku

Wasee habari za jioni, naomba mnijibu haraka kidogo juu sijui nishike wapi niache wapi. Hapa kwa nyumba sai kuna ugonjwa wa macho aina mbili. Mimi na watoto wawili tuko na macho mekundu tangu Alhamisi, ilianza na huyu mdogo akatoka nayo shule, tongotongo asubuhi mpaka kope zinashikana, na inawasha kama mtu amekumwagia mchanga. Hiyo kila mtu ameiona, majirani hata wameacha kunisalimia kwa mkono. Nikaenda kemisti ya hapa chini nikauziwa kachupa ka matone nikaambiwa tutumie wote.

Sasa sio hiyo inaninyima usingizi. Ni mzee wangu, ako na miaka 63, anakaa na sisi tangu mama atutoke. Leo asubuhi akikunywa chai nikaona anapunga mkono mbele ya uso, nikadhani ni nzi, nikaleta taulo nimsaidie kuua, akasema hapana, ni nzi ziko ndani ya jicho la kulia, ukizifuata zinahepa. Nikacheka. Mchana akasema akigeuza jicho kwa giza anaona kwa pembe kama stima imepiga shoti. Sai jioni tukiangalia habari ananiuliza mbona msomaji hana kidevu. Yaani anasema kuna kitu nyeusi kama pazia inapanda pole pole kutoka chini upande wa pua.

Jicho lenyewe halina uchungu, sio jekundu, ukiliangalia ni safi kuliko yangu. Ndio maana amekataa kuenda, ananiambia "wewe ndio mgonjwa, jiangalie kwa kioo". Huvaa zile miwani nzito za kuonea mbali tangu ujana, na hilo jicho la kulia alitolewa mtoto wa jicho mwaka juzi. Sukari hana, presha anameza dawa.

Jumatatu naweza omba ruhusa kazini nimpeleke. Itangoja? Na nimwekee haya matone yetu angalau alale nayo?

Karuma_Buru · saa 3:20 usiku

Pole dadangu. Hizo nzi ni za uzee tu, hata mimi nina 44 nikiangalia mawingu naona vitu kama nyuzi zinaogelea na daktari aliniambia nizoee. Mpee karoti na maini, umwekee hayo matone, ni dawa ya macho si itafanya nini mbaya, halafu Jumatatu muende mkiwa mmetulia. Kasualiti usiku ni kukaa kwa benchi bure.

NesiZamuYaUsiku · saa 3:26 usiku

Usingoje Jumatatu na usimwekee tone hata moja. Mimi ni nesi wa macho, leo nipo zamu kwa hivyo nitaandika vipande vipande, mnisamehe.

Karuma, nyuzi zako wewe ni za miaka na hazijabadilika, hizo kweli watu huishi nazo. Za mzee zimeanza leo asubuhi, nyingi kwa mpigo, zikaja na radi, hiyo unayoita shoti ya stima, na sasa pazia. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, ndio unaopokea picha, kama karatasi ya ukuta ilivyobandikwa ukutani. Katikati ya jicho kuna ute mzito, na mtu akizeeka ule ute unasinyaa na kujivuta, ukivuta kwa nguvu unachana retina, maji yanapita kwenye tundu na karatasi inaanza kubanduka. Zile radi ndio kuvutwa kwenyewe. Pazia ndio sehemu iliyokwisha banduka. Haiumi kwa sababu retina haina mishipa ya kusikia maumivu, na haiwi nyekundu kwa sababu shida iko nyuma, huwezi kuiona kwa kioo wala kwa tochi.

Na mzee wako amejaza fomu yote: miwani mizito ya kuonea mbali, jicho lililofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, umri wake. Tena mkumbuke picha huingia jichoni juu chini. Pazia la chini maana yake retina imebanduka juu, na maji yanashuka, kwa hivyo hili la aina hii hukimbia kuliko lile linaloanzia juu. Katikati ya retina kuna kidoa kidogo anachosomea na kutambua nyuso. Kama bado anasoma na lile jicho basi kidoa kimeshika, na mbio zetu zote ni za kukiwahi kabla hakijabanduka. Kikibanduka hata afanyiwe upasuaji mzuri namna gani, uwezo wa kusoma haurudi wote.

Mama_Umoja3 · saa 3:38 usiku

Mikono inatetemeka. Lakini amekataa kuvaa viatu. Anasema hakuna kitu inauma kwa hivyo hakuna kitu.

NesiZamuYaUsiku · saa 3:41 usiku

Dada, usibishane naye, mwonyeshe. Afunike jicho la kushoto na kiganja bila kulibonyeza, wewe kaa mbele yake karibu kama urefu wa mkono, akuangalie pua tu asizungushe jicho. Inua vidole juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, akwambie ni vingapi. Halafu abadilishe afunike la kulia. Watu wengi hawajui jicho moja limekufa kwa sababu lile lingine linawasaidia kudanganyana.

Mama_Umoja3 · saa 3:52 usiku

Amevaa viatu.

Vidole vya chini upande wa pua hakuona hata nilipoweka mkono mzima, alidhani nimeuficha nyuma ya mgongo. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia nitafute koti lake. Kusoma bado anasoma, alisoma maandishi ya pakiti ya majani chai. Watoto nawaacha na jirani, huyo huyo aliacha kunisalimia.

NesiZamuYaUsiku · saa 3:55 usiku

Vizuri sana. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, hayo macho yenu yanaambukiza na jicho la upasuaji halitaki hiyo zawadi. Panda gari si boda, asiruke mashimo, asibebe kitu. Beba dawa zake za presha na ile kadi ya upasuaji. Asile tena usiku huu mpaka daktari aseme.

Hapa Nairobi hospitali za macho zinajulikana: Kenyatta, Lions kule Loresho, na Kikuyu ukipita Uthiru. Piga simu kabla ya kuondoka uulize kama wana daktari wa retina anayepatikana wikendi, maana si kila daktari wa macho anashona retina. Na ukifika mapokezi USISEME "mzee anaumwa na macho", wataandika macho na mtapanga laini na wenye chokea. Sema "ameanza kuona radi na nzi leo na sasa kuna pazia, tunashuku retina inabanduka". Neno pazia litamfanya daktari ainue kichwa.

Mchomeleaji_Kariobangi · saa 4:30 usiku

Nesi shikamoo. Nimesoma hii yote nikiwa nimeshika jicho, si mchezo. Sisi wa jua kali macho ni ya kuchezewa kila siku. Swali yangu ni mbili. Moja, mbona ukichomelea bila ile kioo nyeusi mchana uko sawa lakini saa sita usiku unaamka unalia kama mtoto? Kuna wenye huweka kiazi, wengine wako na kachupa ka ganzi walipewa na jamaa wa hospitali wanazungushiana. Mbili, mwaka jana kijana wangu wa mkono alirushiwa simiti mbichi kwa jicho kwa mjengo, foromani akatuma maziwa ya pakiti tukamwagia, halafu tukatafuta gari, tukakwama kwa jemu karibu saa nzima. Hilo jicho sai ni jeupe kama la samaki wa jana. Huwa najiuliza tungefanya aje.

NesiZamuYaUsiku · saa 4:58 usiku

Marahaba mwanangu. Pole kwa kijana.

Nianze na simiti, kwa sababu hapo ndipo dakika zina thamani kuliko daktari. Maji. Maji ya bomba, ya mtungi, hata ya kuoshea vyombo bora yasiwe machafu sana, hapo hapo alipoangukia, kabla ya kutafuta gari. Mlaze ama ainamishe kichwa upande, jicho lililoumia liwe chini ili uchafu usitiririkie lile lingine, mfunue kope kwa vidole kwa nguvu maana mwenyewe hataweza, mwambie azungushe jicho, mwagia mfululizo dakika 30. Usihesabu kwa kichwa, tazama saa, dakika 30 ni ndefu na watu huacha baada ya 3. Toa vile vipande vilivyojificha ndani ya kope ya juu na chini kwa kitambaa safi kilicholowa, kwa sababu kipande kikibaki kinaendelea kutoa sumu hata ukiosha. Halafu ndio mnatafuta gari, na kama kuna chupa ya maji muendelee ndani ya gari, mkikwama kwenye jemu ndio nafasi yenyewe ya kuosha.

Watu huogopa asidi ya betri, nayo ni mbaya, lakini asidi ikiunguza mara nyingi nyama inaganda na kuizuia isiende mbali. Simiti, chokaa, kostiki soda na dawa za kuzibua sinki zinayeyusha mafuta ya ngozi ya jicho na kuzidi kupenya ndani huku mtu anadhani amepona. Ndio maana tunaona mtu anakuja kesho yake jicho jeupe, halina hata wekundu, anafurahi. Ule weupe ni mishipa ya damu imekufa. Maziwa si sumu, kosa lake ni kwamba pakiti moja inaisha kwa sekunde 20 na nyinyi mkaridhika mmefanya kitu.

Ya kuchomelea: ule mwanga unaunguza kioo cha jicho, yaani ule utando angavu wa mbele, kama jua linavyounguza ngozi, na kuungua huko kunachukua saa 6 hadi 12 kujitokeza. Huisha kwenyewe siku moja au mbili, pumzika gizani, kitambaa baridi juu ya kope zilizofungwa, dawa ya maumivu ya kumeza. Kiazi kinaleta vijidudu vya udongo kwenye kidonda. Na ile chupa ya ganzi itupeni leo. Ganzi tunatumia hospitalini tone moja kwa uchunguzi, mtu akijiwekea kila akisikia maumivu kioo cha jicho kinaacha kupona na kinaweza kuoza akiwa hasikii chochote.

Mchomeleaji_Kariobangi · saa 5:10 usiku

Tumetupa. Na chuma ya grinda? Sisi hutoa na pembe ya shati ama njiti ya kiberiti, kuna mzee hapa anatoa mpaka na ulimi.

NesiZamuYaUsiku · saa 5:19 usiku

Na ulimi! Mungu wangu. Mdomo wa mtu una vijidudu vya kuozesha jicho kwa siku mbili.

Kivumbi kilichokaa juu juu kinatoka kwa maji au kwa kupepesa kope. Kisipotoka, kiache, aende atolewe kwa darubini. Kinachonitisha mimi ni kile kilichotoka kwenye nyundo ikigonga patasi au jiwe la grinda likipasuka, kidogo kama punje ya sukari na kina mwendo wa risasi. Kinaingia ndani na kidonda kinajifunga, jicho linaonekana zima, labda mboni imevutika upande kama tone la maji badala ya kuwa duara, labda anaona ukungu tu. Mtu wa namna hii usimwoshe, usimbonyeze, usimtie dawa, usichomoe kitu kama kimechomeka. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, funika jicho bila kuligusa, ubandike kwenye mfupa wa juu na wa shavu, mpeleke na tumbo tupu. Na aseme wazi ilikuwa chuma, ili apigwe picha ya eksirei na asiingizwe kwenye ile mashine ya sumaku. Chuma kikiachwa ndani kinashika kutu na kuiua retina pole pole.

Shiro_wa_Githurai · Jumapili, saa 12:40 asubuhi

Mimi nimeamka nikaona hii nikaanza kulia. Shosho yangu miaka mitatu imepita alianza kutapika jioni na kichwa upande mmoja, kasema taa ya nyumba iko na upinde wa mvua kuizunguka. Jicho lilikuwa jekundu kiasi. Tukampeleka zahanati moja mtaani, wakaona kutapika wakasema taifodi, wakampima wakampa drip. Siku tatu anatibiwa tumbo. Kumbe ilikuwa presha ya jicho imepanda ghafla. Tulifika kwa daktari wa macho tukaambiwa jicho hilo limeenda, lakini lile lingine wakalitoboa na mwanga, daktari alisema ni leza, ili lisifuate. Sasa nasoma nyote mnasema jicho jekundu sio kitu, jameni, si kwamba jekundu ni salama.

NesiZamuYaUsiku · saa 1:05 asubuhi

Pole sana Shiro, na asante kwa kunirekebisha kabla mtu hajanielewa vibaya. Sijasema jekundu ni salama. Ninachosema ni kwamba rangi peke yake haikupi jibu. Mama Umoja na watoto wake macho mekundu, yanawasha, tongotongo, lakini wakisafisha wanaona vile vile walivyoona wiki jana na mwanga hauwachomi: hiyo ni ile ya virusi, kama ile iliyotembea Pwani mwanzoni mwa 2024, inajiishia kwa wiki moja au mbili. Shosho wako jicho lilikuwa jekundu, linauma mpaka anatapika, anaona ukungu na upinde kwenye taa: hiyo ni ya usiku huo huo. Mtu mzima anayetapika na jicho linauma, kabla ya kumtibu tumbo mwangalieni jicho.

Na jekundu lenye kidoa cheupe juu ya weusi wa jicho ni kidonda, mbio, hasa kwa anayelala na lenzi au aliyechapwa na jani la mahindi. Na mtoto mchanga hajafika mwezi, macho yamejaa usaha, hiyo hata chai usimalize. Kuna wadudu anaowapata wakati wa kuzaliwa wanaoweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku moja mbili, ndio maana hupakwa tetrasaiklini akizaliwa.

Oti_Kasarani · saa 2:15 asubuhi

Naongezea hapo kwa matone ya kemisti juu nilikuwa mjinga mwenyewe. Macho yangu huwasha msimu wa vumbi, nikauziwa dawa fulani, maze ilikuwa kama miujiza, dakika kumi macho meupe. Nikaitumia mwaka na nusu, nikimaliza chupa naenda na ile tupu wananipatia ingine bila swali. Nilipoenda kupima miwani ya kusoma dada wa pale akaniangalia akaniambia hapa sitakupimia, enda kwa daktari. Presha ya macho, kuona kwa pembeni kumeshakufa, na nina miaka 29. Dawa ilikuwa na steroidi. Hakuna siku iliniuma.

NesiZamuYaUsiku · saa 2:31 asubuhi

Kila mmoja achukue chupa aliyonayo nyumbani asome maandishi madogo. Steroidi zenyewe huandikwa dexamethasone, betamethasone, prednisolone. Hizo ni dawa nzuri mikononi mwa anayepima presha ya jicho na kukuangalia kwa darubini kila mara. Ukiwa na kidonda cha virusi vya malengelenge au cha kuvu, zinaondoa wekundu huku kidonda kikila. Unafurahi kwa kioo na jicho linatoboka. Mama Umoja nawe soma yako.

Karuma_Buru · saa 2:50 asubuhi

Nimesoma yangu. Dexamethasone. Nilikuwa nimemshauri amwekee mzee, naomba radhi. Nimeacha.

Mama_wa_Pacha · saa 3:33 asubuhi

Mimi sina mengi. Kwa wazazi wa watoto wadogo: nilipiga picha wanangu na simu ikiwa na ule mwanga, mmoja macho yaling'aa mekundu kama kawaida ya picha, mwingine jicho moja likang'aa jeupe, kama la paka usiku. Mama mkwe akasema ni simu yangu ya bei ya chini. Nikapiga tena siku nyingine pembe tofauti, tena jeupe. Ilikuwa saratani ya jicho ya watoto. Alikuwa na mwaka na miezi minne. Walitoa hilo jicho, ako na la bandia, ako shule, anakimbia na hana saratani. Kwa wadi kulikuwa na mtoto aliletwa jicho likiwa limeshatokeza nje juu walizungushwa kwa waganga, nisiendelee. Ukiona jeupe kwa mboni ama jicho limeanza kuangalia pembeni ghafla, usiambiwe atakua aache.

Msafi_Isinya · saa 4:02 asubuhi

Na swila je, huku kwetu anatema mpaka ng'ombe.

NesiZamuYaUsiku · saa 4:10 asubuhi

Swila ni kama simiti: maji mengi mara moja, muda mrefu, halafu hospitali. Hakuna sindano ya sumu kama haikukuuma mwilini, wala si lazima umuue umlete. Moshi wa polisi wa kutoza machozi pia maji na upepo, vua lenzi, badilisha shati, ukiona baada ya nusu saa hivi bado huwezi kufungua jicho au unaona ukungu nenda, inawezekana mkebe wenyewe au kitu kilikugonga.

Zamu yangu imeisha saa nyingi, nasubiri tu habari za mzee.

Mama_Umoja3 · saa 5:47 asubuhi

Nimepata chaji ndio nawaandikia. Ile hospitali ya kwanza usiku, siitaji, kijana wa kasualiti aliwasha tochi akaangalia sekunde mbili akasema jicho ni safi mama, akaandika matone, rudini Jumatatu kliniki. Mzee akasimama kabisa aende nyumbani, amefurahi. Nikasema vile nesi aliniambia neno kwa neno. Nzi, radi, pazia, leo leo. Kijana akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia hapana lakini nimeambiwa nisitoke hapa kama hajaangaliwa nyuma ya jicho. Akapigia mkubwa wake simu, alipokata akaanza kuandika barua ya kututuma kwingine na hakutuangalia usoni.

Kwa ile ya pili tulifika saa nane usiku, wakamweka matone ya kutanua mboni, asubuhi daktari akaja na taa kichwani kama mchimba migodi, akambonyeza bonyeza jicho na kachuma. Imechanika juu, pembeni. Imebanduka karibu robo. Katikati bado imeshika. Anafanyiwa kesho asubuhi wa kwanza, wamesema kama ningengoja Jumatatu wangekuwa wananiambia hadithi ingine. SHA, ile bima ya afya ya serikali, bado nahangaika nayo dirishani, hiyo nitawaandikia siku nikiwa na nguvu.

Na chupa yetu nimeisoma. Iko na hiyo ya d. Nimetupa.

NesiZamuYaUsiku · saa 5:50 asubuhi

Alhamdulillahi. Sasa naweza kulala.

Nyinyi na watoto acheni hayo matone, taulo kila mtu yake, maji safi na pamba ya kufutia. Ukiona mwanga unamchoma mmoja wenu au kuona kumepungua, mwone daktari huko huko ukiwa na mzee.

Mama_Umoja3 · Ijumaa, saa 1:20 jioni

Wasee tumerudi nyumbani tangu jana. Walimtoa ute, wakabandika retina na leza, wakamjaza gesi kwa jicho. Sai ni kulala upande mmoja aliochaguliwa, dakika 50 kwa kila saa, ile gesi ipande iende ikakandamize mahali palichanika. Anasikiliza habari badala ya kuona, anawarekebisha wasomaji Kiswahili. Anasema anaona kwa jicho mstari unaocheza akitikisa kichwa, kama ile pima maji ya fundi.

Macho yetu yamepona bila dawa yoyote.

Shida ni moja, anataka kuenda Kinangop Jumapili kuona ng'ombe. Daktari alimkataza ndege akamfunga bangili kwa mkono, lakini mzee anasema Kinangop si ndege ni matatu. Nesi ukiwa hapo nisaidie juu mimi ananiona ni polisi.

NesiZamuYaUsiku · saa 1:44 jioni

Mwambie gesi haijui ndege wala matatu, inajua urefu wa mahali. Nairobi ni kama mita 1,700 kutoka baharini, Kinangop inapita 2,400. Ukipanda hivyo hewa inapungua nguvu, gesi ndani ya jicho inavimba na jicho halina pa kuvimbia, presha inapanda kama ya shosho wa Shiro na anaweza kulipoteza jicho njiani kabla hajaona ng'ombe hata mmoja. Gesi hukaa wiki 2 mpaka 8 kutegemea aina waliyoweka. Daktari akisema imeisha ndio aende. Ile bangili pia asiivue hata akiona imechafuka, ni ya kumwambia mtu wa ganzi asimpe ile hewa ya kulaza inayovimbisha gesi.

Mchomeleaji_Kariobangi · saa 2:05 usiku

Mzee tuko pamoja, sisi hapa tumenunua miwani kumi ya plastiki kwa Gikomba, ile ya ulimi imepigwa marufuku.

Mama_Umoja3 · saa 2:31 usiku

Nimemsomea yote. Amefikiria kidogo akasema basi ataenda Mombasa kwa dada yake, si huko ni chini.

NesiZamuYaUsiku · saa 2:36 usiku

Kushuka gesi haivimbi. Muulize atarudi vipi.

Mama_Umoja3 · saa 2:40 usiku

Amelala ule upande aliambiwa. Anasema mumpe wiki mbili, na mtu ampigie kijana wa ng'ombe.